Msumari wa Pete

Kabla hujagusa swichi, Gwimo,
gusa msumari huu hapa mlangoni.
Inchi sita, umepigwa mshazari, kichwa kinang'aa
kwa kusuguliwa na dhahabu ya watu wasio na dhahabu.
Hapa hutundikwa pete, saa, bangili ya shaba,
tasbihi ya Katobera, rozari yangu,
na siku moja, usicheke, hirizi.
Chuma kinachozunguka hakiulizi dini ya mtu.

Karakana yetu ndiyo hii, Kibirizi, nyuma ya vichanja vya dagaa;
asubuhi harufu huingia kwanza, kisha sisi.
Mashine ya kukerezea ni kongwe kuliko mama yangu
na bado mgongo wake umenyooka kuliko wangu.
Leo tunakereza shafti ya rafadha
ya boti inayokwenda Kalemie. Mwenyewe yuko nje,
amekalia dumu la mawese,
kila robo saa anauliza: bado?
Bado.
Haraka ni yake. Vidole ni vyangu, na idadi naijua.

Kunja mikono ya shati ipite kiwiko.
Glavu vua. Ndiyo, ulifundishwa glavu ni kinga;
kinga kule kwenye kuchomelea.
Hapa tunayo chaki, hii yenye meno matatu inayobana chuma.
Ya shuleni huandika. Hii hufuta.
Ikinasa uzi mmoja wa glavu
haina haja na uzi, inalitaka bega.
Kilemba changu nakifunga kisogoni, mafundo mawili,
ncha nazichomeka ndani kama siri.

Nywele za chuma zitatoka zikijiviringisha,
za buluu, zinafuka moshi, zinapendeza.
Usizishike. Chukua ndoano ile.
Wembe nao unapendeza.

Tazama juu ya kalenda: hilo shimo ukutani.
Ntahondi aliisahau spana ndani ya chaki, akawasha.
Ilimpita sikioni. Mpaka leo anaapa
ilimwita kwa jina, jina lake la utotoni,
ambalo hapa hakuna aliyelijua.
Spana haiachwi na mkono, mwanangu,
mpaka iwe imetoka kwenye chaki.

Umeme ukikatika, na utakatika,
usisimame hapo ukisonya.
Zima swichi kwanza, ndipo usonye.
Umeme ukirudi haupigi hodi.

Mke wa huyohuyo Ntahondi alikuja siku moja kutoka Gungu,
ameambiwa mumewe hushinda kidole kitupu.
Alifika mkono kiunoni, maneno tayari mdomoni.
Akaziona pete kumi na moja msumarini,
moja ya kwake, ina alama aliyoing'ata mwenyewe siku ya ndoa
kuona kama ni ya kweli.
Akameza maneno. Akauliza maji ya kunywa yako wapi.
Siku hizi mumewe akitoka na pete kidoleni
bila kupita kwenye msumari jioni, ni yeye anayeuliza:
leo hukufanya kazi?

Unaihesabu? Unaona kumi na mbili.
Ile ya nyuma kabisa, nyembamba, imekatwa kama herufi C,
haina mwenyewe anayekuja kuichukua saa kumi na moja.
Ilikatwa kwa koleo hospitali ya Maweni
na kidole hakikurudi nayo.
Ilikuwa dakika moja tu, bomba la jirani, kazi ndogo,
nikasema nitaivua baadaye.

Usitazame ukuta. Tazama huku.
Wiki nzima unaniona mkono wa kushoto mfukoni,
ulidhani nasikia baridi?
Kigoma, baridi ipi?

Haya, tundika saa yako.
Vaa miwani. Simama kwa miguu miwili.
Mwenye boti anauliza tena.
Mjibu wewe.